Breki za mchomoko: Kabla hujafunga disiki kubwa, soma hii

Alfajiri stendi ya Katoro, mkoani Geita, Probox hujaa haraka. Wawili mbele na dereva, wanne nyuma, na wengine wawili wanabanwa kule kwenye buti na mizigo yao. Kamba inafungwa juu ya carrier, magunia mawili yanapanda, na gari linaondoka.

Dereva akifika kona ya kwanza anakanyaga breki. Pedali inazama kidogo kuliko jana. Anapampu mara mbili, inapanda, anaendelea na safari. Hesabu ya bosi inasubiri.

Hili ndilo tatizo ambalo wamiliki wengi wa magari madogo ya zamani kanda hii wanalijua, na jibu linalokuja kwanza kichwani ni kuboresha breki: weka disiki kubwa, toa dramu za nyuma, funga kalipa za gari kubwa zaidi. Mafundi wa kufanya hivyo wapo, Kahama wapo, Shinyanga mjini wapo, Geita pia.

Lakini mara nyingi gari haliishii kusimama vibaya kwa sababu breki zake ni ndogo. Linasimama vibaya kwa sababu breki zake zimechoka, au mzigo umezidi, au vyote viwili.

Kilo zinaongea

Toyota Probox ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002. Ilitengenezwa iwe gari la kazi la ofisi na maduka: lile toleo la mizigo liliruhusiwa kubeba kilo 400 likiwa na watu wawili mbele. Mbele ina disiki, nyuma ina dramu, kama ilivyo kwa Vitz, IST, Passo na Starlet nyingi zinazotembea mitaani kwetu.

Sasa piga hesabu ya mchomoko wa watu tisa. Ukitoa wale wawili wa mbele waliohesabiwa Japani, wamebaki saba. Kila mmoja akiwa na kilo 65 tu, hao ni kilo 455. Mzigo ulioruhusiwa umeshapitwa na bado gunia la mchele halijapanda.

Breki kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ukikanyaga, pedi zinabana disiki, vinasuguana, joto linatoka. Gari la kilo 1,050 lenye watu wawili likibeba watu tisa, uzito wote unapanda kwa takriban asilimia 40, na joto ambalo breki zinatakiwa kulimeza linapanda kwa kiwango hichohicho.

Mwendo ni mbaya zaidi. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 100 unaongeza mwendo kwa robo, lakini kazi ya breki inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwenye lami kavu na matairi mazima, gari la kilomita 80 kwa saa linahitaji takriban mita 58 kusimama, ukihesabu na ile sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa kilomita 100 zinakuwa kama mita 84. Tofauti ni mita 26, na ng'ombe anayevuka barabara pale Tinde hajui hesabu hizo.

Kwenye changarawe umbali unarefuka zaidi, maana tairi linateleza juu ya kokoto. Hapo hata ukifunga breki za gari la mashindano, tairi ndilo linaloamua.

Barabara zenyewe

Shinyanga ni tambarare, na watu hudhani tambarare haichoshi breki. Inachosha kwa namna yake. Barabara kuu ya kutoka Isaka kupita Kahama na Ushirombo kwenda Nyakanazi inapitisha malori ya Rwanda, Burundi na Kongo. Mchomoko unakimbia, unakuta lori, unafunga breki, unapita, unakimbia tena. Vijijini kuna baiskeli, mikokoteni ya ng'ombe na matuta. Breki hazipumziki.

Upande wa Geita kuna vilima. Na tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile foleni ya kivuko iliyokuwa inapoza magari na madereva imeondoka. Safari ya Mwanza kwenda Geita imekuwa ya kukimbia moja kwa moja.

Anayeelekea Singida anakutana na Sekenke, mlima ambao dhahabu ilichimbwa pale tangu enzi za Mjerumani na ambao madereva wa malori wanautaja kwa heshima. Gari dogo lililojaa likishuka Sekenke kwa kukanyaga breki mwanzo mpaka mwisho, pedi zinachemka, harufu ya kuungua inaingia ndani, na breki zinaanza kulegea huku pedali ikiwa bado ngumu. Hiyo ni dalili kwamba pedi zimepitwa na joto.

Dalili ya pili ni tofauti: pedali inakuwa laini kama sponji na kuzama. Hapo mafuta ya breki yenyewe yamechemka na kutoa mapovu. Ni vizuri kutofautisha, kwa sababu dawa zake si moja.

Na vumbi. Machimboni, kuanzia Kakola mpaka Nyarugusu, vumbi jekundu linaingia kila penye upenyo. Linajikusanya ndani ya dramu, linakausha pini za kalipa, na mvua ikinyesha linageuka tope linalogandisha vyuma. Gari linalofanya kazi huko halistahili ratiba ya kukaguliwa ya gari la mjini Dar.

Anza na mafuta ya breki

Kama kuna hela ya kufanya jambo moja tu, basi ni hili. Mafuta ya breki yananyonya unyevu kutoka hewani, polepole. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji inaweza kuchemka kuanzia 140. DOT 4 mpya inaanza kwenye 230, ikichoka ni 155.

Kwa hiyo gari la mwaka 2004 ambalo halijawahi kubadilishwa mafuta ya breki tangu litoke bandarini, linatembea na mafuta yaliyopoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Kubadilisha yote, si kuongeza juu tu, kila baada ya miaka miwili ni kawaida inayokubalika duniani. Gari linalotumia DOT 3 linaweza kuwekwa DOT 4 bila shida. Hilo peke yake ni uboreshaji, tena wa bei ndogo kuliko wote.

DOT 5 ni kitu kingine. Imetengenezwa kwa silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine. Usimruhusu fundi aiweke kwa sababu tu namba yake ni kubwa. DOT 5.1 haina tatizo hilo, ingawa majina yanachanganya watu wengi, na aliyeyapanga hivyo hakuwafikiria wauza spea.

Na wale wanaoongezea oili ya injini, hydroliki au maji ya sabuni njiani ili wafike: oili inavimbisha sili za mpira ndani ya masta silinda. Utafika leo. Baada ya siku chache sili zinabana, breki zinashika zenyewe au zinaacha kabisa, na hapo unanunua masta silinda, silinda ndogo za tairi za nyuma, na mipira yote.

Mipira ambayo hakuna anayeitazama

Kati ya bomba la chuma na kalipa kuna paipu fupi ya mpira. Gari la miaka 20 likiwa na paipu zake za Japani, ndani zimeshachoka hata kama nje zinaonekana nzima. Ukikanyaga, mpira unavimba badala ya kusukuma nguvu yote kwenye pedi. Pedali inakuwa ya kubonyea.

Wakati mwingine mpira unaziba kwa ndani: mafuta yanaenda lakini hayarudi vizuri. Gari linavuta upande mmoja, tairi moja linakuwa la moto kuliko mengine. Fundi asiyejua anabadilisha kalipa nzima, tatizo linabaki palepale.

Nyuma kule kwenye dramu

Gari likifunga breki uzito unahamia mbele, ndiyo maana breki za mbele zinafanya takriban asilimia 70 ya kazi kwenye gari dogo. Kwa sababu hiyo watu wanazisahau za nyuma.

Mchomoko uliojaa watu kwenye buti, hata hivyo, una uzito mwingi nyuma. Dramu za nyuma zikiwa hazifanyi kazi, mbele inabeba mzigo wote peke yake na kupata joto kupita kiasi. Wenye magari wengi wanabadilisha pedi za mbele kila mara na kulaumu ubora wake, kumbe ugonjwa uko nyuma.

Ndani ya dramu kuna breki shuu, vile vipande vya nusu mwezi vinavyopanuka, na kuna kifaa kidogo cha kurekebisha nafasi kadiri zinavyolika. Vumbi likikigandisha, shuu zinabaki mbali na dramu. Ukikanyaga, pedali inasafiri mwendo mrefu kabla ya kushika. Hendibreki nayo inapanda mpaka juu kabisa.

Dawa: fungua dramu, safisha, legeza kile kifaa, rekebisha, angalia kama silinda ndogo inavuja. Kazi ya asubuhi moja. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa; lainingi za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, na hata zisipokuwa nayo, hilo si vumbi la kuvuta puani. Kitambaa kibichi na maji vinatosha.

Ni gari ngapi zingepata breki nzuri kwa kazi hii tu, bila kununua disiki yoyote? Nyingi.

Pedi: soma maandishi ya pembeni

Dukani boksi linaweza kuandikwa chochote. Angalia pedi yenyewe. Nyingi zinazotengenezwa kwa viwango zina herufi mbili mwishoni mwa msururu wa namba: EE, FE, FF, GG na kadhalika. Ya kwanza inaeleza msuguano pedi ikiwa ya baridi, ya pili ikiwa ya moto. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55.

Kwa hiyo FF inashika vizuri na haipotezi sana ikipata joto. FE inapungua ikichemka. Pedi zikiwa na alama ya E ndani ya duara pamoja na namba inayoanza na 90R, zimepimwa kwa kanuni ya Ulaya ya pedi za kubadilishia, inayodai zifanye kazi karibu sawa na zile za kiwandani.

Herufi hizi nazo zinaweza kughushiwa, bila shaka. Angalia basi kama pedi imeshikamana sawasawa na bati lake, haina nyufa, na boksi halina makosa ya maandishi. Bidhaa feki ni jambo la kuripoti kwa Tume ya Ushindani, FCC, na masuala ya viwango yako chini ya TBS. Nunua ukiwa na risiti, la sivyo huna cha kurudi nacho dukani.

Pedi za mashindano, zile za bei kali, hazifai mchomoko. Nyingi zinahitaji joto ndipo zishike. Alfajiri ya baridi ukikanyaga mara ya kwanza zinateleza.

Pedi mpya zinahitaji kuzoeshwa. Tafuta barabara tupu, kimbia 60, punguza mpaka 15 bila kusimama kabisa, rudia kama mara kumi, kisha tembea bila kukanyaga breki ili zipoe. Ukitoka gereji na kupakia watu tisa papo hapo, unazichoma kabla hazijakaa.

Disiki: lini zinahitajika?

Kwenye disiki, mara nyingi ukingoni au katikati, kuna maandishi madogo MIN TH na namba ya milimita. Hiyo ndiyo unene wa chini unaoruhusiwa. Disiki iliyochongwa mara mbili tatu ili kuondoa mawimbi inaweza kuwa imeshapita hapo. Nyembamba inapata joto haraka na inaweza kupasuka. Fundi mwenye kipimo atakuambia, asiye na kipimo atakuambia "bado ipo ipo."

Ukishahakikisha mafuta, mipira, dramu na pedi viko sawa, na bado breki zinachoka kwa sababu ya joto, hapo ndipo mazungumzo ya disiki kubwa yanaanza.

Magari mengine madogo ya zamani yana disiki nzima za mbele, bati moja lisilo na nafasi katikati. Ndugu zake wa injini kubwa wana disiki za mabati mawili zenye njia za hewa katikati, zinazopoa haraka. Wapenzi wa Starlet wanajua hili: Glanza V yenye turbo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na breki kubwa za mbele kuliko Starlet ya kawaida. Kuchukua kalipa, mabano na disiki za ndugu kama huyo ni njia nzuri kuliko kuchomelea vitu vya kubuni.

Ila kuna mitego. Rimu za inchi 13 zinaweza zisipite juu ya kalipa kubwa, kwa hiyo unahamia inchi 14 na matairi mapya. Kalipa yenye pistoni kubwa inahitaji mafuta mengi zaidi, na masta silinda ya zamani ikiwa ndogo, pedali itasafiri mbali kabla ya kushika. Wengine wanabadilisha na masta silinda, sasa pedali inakuwa ngumu. Kila kitu kimeshikana na kingine.

Mtego mkubwa zaidi uko nyuma. Kutoa dramu na kuweka disiki kunapendeza kwa macho, lakini kama breki za nyuma zitakuwa na nguvu kupita kiasi, tairi za nyuma zitafunga kabla ya za mbele. Gari likifanya hivyo kwenye kona au kwenye lami yenye maji linageuka lenyewe. Kiwandani waliupima huo uwiano. Fundi wa kitaani hana kifaa cha kuupima. Pia hendibreki mara nyingi inapotea katika kazi hiyo, na gari la abiria lisilo na hendibreki halitakiwi barabarani.

Disiki za kutoboatoboa matundu? Zinapendeza. Kwenye gari la mzigo nyufa huanzia kwenye matundu yale. Hela hiyo inunue matairi.

Spea za mtumba kutoka Japani na Dubai si mbaya kwa vyuma kama kalipa na mabano, mradi ufungue na kubadilisha sili. Pedi za mtumba, mipira ya mtumba na masta silinda ya mtumba, hapana.

Kipimo cha busta bila kwenda gereji

Zima injini. Kanyaga breki mara nne au tano mpaka pedali iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, washa injini. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta ni nzima. Isiposhuka, busta au paipu yake ya upepo ina shida, na huo ugumu unaoupata si wa pedi.

Kipimo cha pili: injini ikiwaka, kanyaga kwa nguvu ya wastani na ushikilie kwa nusu dakika. Pedali ikizama taratibu mpaka chini, kuna kuvuja mahali, au masta silinda inapitisha ndani kwa ndani. Gari hilo lisipakie abiria leo.

Na taa ya ABS ikiwaka, breki za kawaida bado zipo, ila mfumo wa kuzuia tairi kufunga umejizima. Mara nyingi ni sensa iliyojaa uchafu. Kuna mafundi wanaochomoa balbu ya dashibodi ili taa isisumbue, na mnunuzi anayefuata hajui kitu.

Bosi na dereva

Breki za mchomoko zina watu wawili wenye maamuzi. Bosi anataka hesabu kila jioni, dereva anajua pedali inazama. Dereva akilisimamisha gari siku moja, hesabu ya siku hiyo inadaiwa. Deiwaka aliyepewa gari kwa nusu siku ndiye mwenye sababu ndogo zaidi ya kusema chochote.

Baadhi ya wamiliki wameanza kukubaliana na madereva wao kabla: siku moja kwa mwezi gari linalala gereji bila hesabu, dereva anakuwepo breki zinapofunguliwa, na spea za zamani zinarudishwa kwa bosi azione. Pedi iliyolika mpaka kwenye bati, ikiwekwa juu ya meza, inamaliza ubishi.

Kwa mteremko, anayeendesha otomatiki aweke gia ya 2 au L kabla ya kuanza kushuka, si katikati. Kushuka kwa nyutro ili kuokoa mafuta kunaziachia breki kazi ambayo injini ingesaidia. Na kuzima injini ni hatari zaidi, maana busta inabakiwa na upepo wa kukanyaga mara mbili tatu tu, baada ya hapo pedali inakuwa jiwe.

Ukitoka gereji, kabla ya stendi, nenda barabara tupu gari likiwa halina mtu. Kimbia 40, kanyaga kwa nguvu, mikono ikiwa imeshika usukani kwa wepesi. Gari likivuta kushoto au kulia, rudi kwa fundi hapohapo. Likisimama limenyooka, gusa rimu zote nne kwa nyuma ya kiganja: mbili za mbele zinatakiwa kuwa na joto linalofanana, na za nyuma zisiwe za baridi kabisa. Kaza nati tena baada ya kilomita 50.